Mtani, Niletee Chai

Kosa langu la kwanza gazetini lilikuwa herufi moja. Kichwa cha habari kilitakiwa kisomeke "Mkuu wa Mkoa alima katika shamba la ujamaa". Mimi, mpanga herufi mpya, niliiacha m kwenye sanduku lake, na asubuhi Tabora nzima ikasoma kwamba Mkuu wa Mkoa alia katika shamba la ujamaa. Kwetu Ng'ambo nakala ziliisha kabla jua halijakolea. Baba yangu, fundi viatu ambaye hajawahi kununua gazeti maishani mwake, siku hiyo alinunua, akalibandika ukutani juu ya cherehani yake ya ngozi. "Sasa angalau najua huko kazini unafanya nini," akasema.

Mmenitaka, ninyi mliobaki kwenye chumba cha habari, niwaandikie kazi ilivyokuwa. Vyeo nitaviruka. Mishahara nayo nitairuka, nisije nikalia kama Mkuu wa Mkoa. Ila nimesikia kwamba siku hizi na ninyi mna malalamiko ofisini, na mkubwa mmoja ameyajibu kwa maneno mawili: "Nilikuwa natania." Lo! Nilipoyasikia nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuniangalia. Basi kaeni niwasimulie, maana maneno hayo nilishayasikia yakisemwa, tena na mtu msiyemtarajia.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Pius, aliyejifunzia uchapaji kwa mapadri kabla ya uhuru. Alinifundisha kusoma kinyumenyume, kwa kuwa herufi za risasi hupangwa zikiangalia upande wa pili, kama sura yako kwenye kioo. Alinikataza kula bila kunawa, kwa ajili ya sumu ya ile risasi, na mara kwa mara alininywesha kikombe cha maziwa akiamini yanasafisha tumbo. Kama yanasafisha sijui, lakini bado niko hai. Prufu, ile nakala ya majaribio, alinifundisha kuisoma kwa kidole, neno kwa neno, bila haraka. "Soma kilichopo, Rajabu," alikuwa akiniambia. "Unachotaka kiwepo, kisome nyumbani kwako."

Mhariri wetu alikuwa Ndugu Anselmi Maganga. Siku hizo wote tulikuwa ndugu, hata waliokuwa wakifokeana. Alikuwa Mnyamwezi kama mimi, kwao Choma, upande wa Igunga, mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe na kalamu safi ambayo sijaona nyingine mfano wake. Sitamsingizia marehemu. Siku ile ya herufi m, simu ilipolia kutoka ofisi ya mkoa, mimi nilikwenda kukaa kwenye ngazi nikisubiri kufukuzwa. Maganga alivaa koti akaenda mwenyewe. Aliporudi alisimama mbele yangu, akanitazama. "Nimewaambia kosa ni langu," akasema. "Kanywe chai, halafu uitafute hiyo m."

Mtu wa namna hiyo utamchukiaje? Mimi nilimpenda, na ndiyo maana yaliyofuata yaliniuma.

Miaka ikaenda. Nikatolewa kwenye herufi, nikaingizwa chumba cha habari kusoma prufu na kuandika. Kilikuwa chumba kirefu karibu na stesheni, paa la bati, joto la kuokea mkate. Treni ya kutoka Dar ikipiga honi tulikuwa tunanyamaza wote mpaka ipite, kwa sababu hata simu huisikii. Treni hiyo ndiyo iliyotuletea Mwanaidi.

Alikuwa msichana wa Kisarawe, Mzaramo, na mwandishi wa kwanza wa kike kuajiriwa kwetu. Alitua sanduku lake mlangoni, akawaamkia wakubwa shikamoo mmoja mmoja, kwa adabu zote. Kisha akauliza kwa sauti, "Hapa ndipo kwa Wanyamwezi? Mbona sioni mizigo vichwani?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mimi nikamjibu kwamba mizigo tuliitua siku ya uhuru, na yeye mtumwa wetu amechelewa kuja kutupokea. Alicheka mpaka akaketi juu ya sanduku lake. Kuanzia hapo tukawa watani, yaani tulikuwa tayari, tulikuwa hatujaonana tu.

Kuna wanaodhani utani ni matusi yenye kicheko. Aa wapi! Babu zetu walibeba pembe za ndovu na mizigo ya watu kutoka huku Unyanyembe mpaka Pwani, miezi kwa miezi, na njia ilipita kwa akina Mwanaidi. Aliyeugua aliachwa huko. Aliyekufa alizikwa huko huko, na Mzaramo asiyemjua hata kwa jina. Mtu aliyemzika babu yako utamnunia kwa lipi? Ndipo ikapatikana ile ruhusa ya kuitana mtumwa, kunyang'anyana kofia, hata kudhihakiana msibani, na mwenye kukasirika ndiye mwenye aibu. Siku moja Mwanaidi alinikuta natafuna michembe, vile viazi vitamu vyetu vilivyokaushwa juani. Akaniuliza kama hilo gome la mti limeiva. Nilipoleta tena, aliupora mfuko mzima akaumaliza. "Nawapunguzieni mzigo," akasema. "Babu zenu tumewazika bure, sasa kutulisha tu mnashindwa?"

Maganga naye alianza vivyo hivyo. Alimwita mtumwa wangu, Mwanaidi akacheka. Alimtuma chai kwenye mkahawa wa nje, akaleta. Lakini ile chai ikawa ya kila siku, halafu ikawa ya Maganga na wageni wake wote. Sisi tuko kwenye kikao cha asubuhi tunagawiwa habari, Mwanaidi yuko foleni na birika. Akirudi, habari zimekwisha. "Umechelewa, Mzaramo," Maganga anamwambia. "Kwenye ngoma za kwenu ungekuwa umeshafika." Watu walicheka, ila walimtazama Maganga kwanza wajue kama ni pa kucheka.

Akikosea, na nani asiyekosea, karatasi yake ilitupwa sakafuni mbele ya watu. "Okota, mtumwa." Anaokota. Mwanzoni alikuwa anaokota huku anacheka. Baadaye alikuwa anaokota tu.

Kisha ikaja habari ya pamba. Mwanaidi alipanda lori mpaka Igunga, akazunguka na wakulima vijijini, akarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Pamba ya vijiji vya ujamaa ilikuwa imelowa mvua ikisubiri malori yaliyoahidiwa, na yeye aliiandika hivyo hivyo, bila kupaka rangi, na majina ya wenye pamba. Siku hizo habari kama hiyo ilihitaji kifua. Ilitoka ukurasa wa kwanza, na juu yake likawekwa jina la Anselmi Maganga.

Mwanaidi alikwenda mezani kwake na gazeti mkononi. Tulisikia wote. "Ndugu Mhariri, hii ni habari yangu."

Maganga akaegemea kiti. "Mtani, nimekupora. Utanifanya nini?"

Na kweli, mtani akikupora unamfanya nini? Unacheka. Mwanaidi hakucheka. Alilikunja gazeti, akarudi kwenye meza yake akaanza kupiga taipu kitu ambacho hakuna aliyemwagiza.

Mchana nikamfuata mkahawani. "Mbona humjibu?" nikamuuliza. "Mimi unanijibu mpaka najuta kukuanza. Mjibu na yeye, atakoma."

Alikuwa anakoroga chai ambayo hakuitia sukari. "Kaka Rajabu, nimjibu nani? Akinitania ni mtani wangu. Nikifungua mdomo ni mkubwa wangu."

Nikamsogezea sukari.

Ilikuwa miaka ile chama kilipotoa mwongozo kwamba kiongozi asiwe mbabe kwa walio chini yake, na viwandani huko Dar wafanyakazi walikuwa wameanza kuwafungia milango mameneja. Sisi Tabora tulizipokea habari hizo kwa simu, tukazichapa, tukaenda kula. Hakuna aliyedhani zinatuhusu. Siku moja akaja mgeni kutoka makao makuu, mtu mpole wa shati la mikono mifupi, akaitisha mkutano wa wafanyakazi. Mwisho akauliza kama kuna mwenye neno. Swali hilo lina jibu lake, nalo ni hakuna. Mwanaidi akanyoosha mkono.

Hakulia, wala hakupaza sauti. Alifunua karatasi aliyoipiga taipu siku ile ya pamba, akataja chai, akataja karatasi za sakafuni, akataja pamba ya Igunga. Alisema dereva wetu huitwa punda mbele ya wanawe. Alisema anaipenda kazi hii lakini asubuhi huizunguka stesheni mara mbili kabla ya kuingia ofisini. Nilimtazama Maganga. Alikuwa anatabasamu, lile tabasamu la mtu anayemsikiliza mtoto akihesabu.

Mgeni alifunga kalamu yake. "Tuhuma hizi ni nzito," akasema. "Itakuja kamati, na ofisi iandae jibu lake. Lakini kama ni maneno ya kutunga, binti, ujue huo ni uchochezi, na mchochezi hana nafasi kwetu."

Hapo kila mtu alielewa. Jibu letu likikubaliwa, Mwanaidi hana kazi, tena anaondoka na jina la mchochezi, na kwa miaka ile hakuna ofisi ya umma ambayo ingemwajiri mwenye jina hilo hata kufagia.

Kesho yake Maganga akaniita ofisini akafunga mlango. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya wafanyakazi, cheo nilichopewa kwa sababu ya mwandiko. "Andika jibu," akasema. "Fupi tu. Wafanyakazi wote wanathibitisha kwamba huu ni utani wa kimila kati ya Wanyamwezi na Wazaramo. Mtie sahihi wote."

"Wote, Ndugu Mhariri?"

"Kwani si kweli? Mimi si Mnyamwezi? Yeye si Mzaramo?"

"Ni kweli."

"Basi." Akanitazama kama alivyonitazama siku ile ya ngazi. "Rajabu, mimi nilikwenda kwa Mkuu wa Mkoa kwa ajili yako."

Nikachukua kalamu, nikaandika.

Zile siku za kuisubiri kamati sitaki zirudi hata ndotoni. Chumba cha habari kilibaki na sauti za taipu tu. Maganga alitembea katikati ya meza, mikono mgongoni, akisimama nyuma ya mtu mpaka mtu anapiga herufi isiyo yake. Waliozoea kula na Mwanaidi wakahamisha sahani zao. Mmoja baada ya mwingine walikuja mezani kwangu kutia sahihi, wananong'ona utadhani tuko msikitini. Nina watoto, Rajabu. Ni utani tu, Rajabu. Kwani chai nayo ni kitu cha kumshtaki mtu? Mwanaidi alikuwa meza ya tatu kutoka kwangu, anawaona wote wakija na wakiondoka. Alikuwa amechora duara moja kwenye karatasi na anaendelea kulizungusha kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Kilichonitesa ni kwamba jibu lile halikuwa na uongo. Kila neno lilikuwa la kweli. Nililisoma kwa kidole, mbele nyuma, sikuona kosa, na bado roho ilikuwa inakataa katakata.

Nikashuka kwa Mzee Pius kwenye chumba cha herufi. Alikuwa anakaribia kustaafu, macho yamechoka, anapanga kwa kupapasa. Nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho na vidole havikusimama. "Herufi zilizopo ziko sawa," akasema. "Ila kuna iliyobaki kwenye sanduku."

"Ipi?"

"Mimi nijuaje? Msoma prufu ni wewe."

Nikampa kalamu, akakataa kutia sahihi, eti mikono ina wino. Mikono ya Mzee Pius ilikuwa na wino tangu enzi za Mwingereza na haikuwahi kumzuia kusaini mwisho wa mwezi. Nikarudi juu, karatasi ina sahihi za karibu watu wote, isipokuwa yake na yangu. Maganga aliipokea, akaikagua mpaka chini. "Yako iko wapi?"

"Nitasema kwa mdomo, Ndugu Mhariri."

Akaiweka karatasi kwenye droo. "Useme vizuri," akasema.

Kamati ikaja na treni ya asubuhi. Mwenyekiti wake alikuwa Mngoni wa Songea, mnene, miwani yake imefungwa uzi sikioni. Walikalia chumba cha habari chenyewe, meza zikasukumwa ukutani, sisi tukapangwa kwenye mabenchi. Maganga alisimama karibu na kiti chake. Ni lazima niwaeleze hicho kiti. Kilikuwa cha mninga, alikichongesha mwenyewe kwa fundi seremala wa Ng'ambo, chenye mto mwekundu wa mgongoni. Hakuna mwingine aliyewahi kukikalia. Hata mfagiaji alikuwa akikifuta kwa kunyoosha mkono, mwili uko mbali.

Mwenyekiti alisoma jibu letu kwa sauti. "Utani wa kimila," akarudia, akatikisa kichwa kukubali. "Hata kwetu tunao." Nikaona mabega ya Mwanaidi yanashuka. Kisha nikaitwa mimi.

"Ndugu Katibu, sahihi yako siioni. Jibu hili ni la uongo?"

"Hapana, Ndugu Mwenyekiti. Ni la kweli." Maganga akatabasamu. "Mimi na Mwanaidi ni watani. Namsema, ananisema. Kofia yangu kaninyang'anya tangu juzi, na hatanirudishia." Watu wakacheka kidogo, kicheko cha woga.

"Na Mhariri?"

"Mhariri anamtania kila siku."

"Yeye anamjibu nini?"

Maganga alikuwa pembeni ya jicho langu, na ile ngazi nayo nikaiona, na koti lake siku ile. "Hamjibu," nikasema. "Sijapata kumsikia yeye wala mtu mwingine yeyote akimjibu. Hilo ndilo ambalo kwenye karatasi halimo."

Maganga akajipiga paja. "Nani kamziba mdomo? Ajibu! Mtani wangu, hebu nijibu bwana, wazee wasije wakadhani nakula watu!" Alikuwa akicheka kwa dhati kabisa. Naamini aliyasadiki maneno yake mwenyewe, na mpaka leo hilo linanisumbua kuliko yote.

Mwenyekiti akamgeukia Mwanaidi. "Umesikia, binti. Ruhusa umepewa."

Mwanaidi akasimama. Alipita katikati ya mabenchi taratibu, akazunguka meza ya Maganga, na kabla hatujaelewa anakwenda wapi, akakaa kwenye kile kiti cha mninga. Akauweka mto vizuri mgongoni. Akapandisha mguu juu ya mguu.

"Ahaa," akasema. "Kumbe upepo wote uko huku."

Benchi la nyuma mtu akapaliwa.

"Mpagazi! Ndiyo, wewe mrefu. Umefika na pembe zako zote kutoka Unyanyembe? Pole na safari. Haya, tua mzigo hapo, niletee chai. Sukari nyingi, na usinidondoshee jasho humo."

Lo, kicheko kilichotoka! Mwenyekiti alivua miwani akafuta macho. Dereva wetu alikuwa anajipiga magoti. Na mimi nilicheka, wallahi, kwa hofu na kwa raha, maana ulikuwa utani wenyewe, kila neno limekaa mahali pake kama babu zake walivyowapokea babu zetu. Na kesi yote wakati huo ilikuwa mkononi mwa Maganga. Angeinama tu, akasema, "Haya bibi, na andazi je?" basi, kwisha. Kamati ingepanda treni, jibu letu lingesimama, na Mwanaidi angerudi Kisarawe na sanduku lake na jina la mchochezi. Naye alilijua hilo alipokuwa anakaa.

"Ondoka kwenye kiti changu," Maganga akasema.

Kicheko kikakatika.

"He, mtani, umenuna?" Mwanaidi hakuinuka. "Na chai yenyewe sijaiona."

"Nimesema ondoka! Unajua unasema na nani? Mimi ndiye niliyekuokota stesheni! Mimi ndiye ninayeliandika jina lako, mimi ndiye ninayelifuta!" Akaushika mgongo wa kiti akautikisa kwa nguvu, Mwanaidi akapepesuka, mto ukaanguka sakafuni.

Ndipo akausikia ule ukimya. Akatutazama mmoja mmoja, mkono wake bado uko juu ya kiti. Mwanaidi akainuka, akaokota mto, akaupangusa vumbi, akamkabidhi kwa mikono miwili kama anavyokabidhiwa mkubwa.

"Samahani, Ndugu Mhariri," akasema. "Nilikuwa natania."

Mwenyekiti akavaa miwani yake. Akalichukua jibu letu na sahihi zake zote, akalikunja mara mbili. "Hili halina kazi tena," akasema. "Tumeshajibiwa."

Msidhani kwamba baada ya hapo tuliingia peponi. Maganga alihamishiwa Dar, kwenye ofisi yenye feni, ambayo kwa wengine ingekuwa zawadi. Chai tukaanza kujichukulia, na wanaume wazima wakagundua kwamba mkahawa haukuwa mbali hata kidogo. Gazeti likachapa sahihisho kwamba habari ya pamba ya Igunga iliandikwa na Mwanaidi. Mzee Pius alilipanga mwenyewe, na jina hilo akalipanga kwa herufi kubwa kuliko alizoruhusiwa. Baadhi ya waliotia sahihi hawakunisalimia kwa muda mrefu, na mimi sikuwalaumu. Walisema wana watoto, na kweli walikuwa nao.

Siku ya kuondoka, Maganga alipita mezani kwangu na kile kiti kimebebwa nyuma yake. "Ungeniambia," akasema.

"Nikuambie nini, Ndugu Mhariri?"

Akakitazama kiti. "Hata hicho sikijui," akasema, akaenda stesheni.

Mwanaidi alikaa nasi miaka kadhaa, akawa mkali wa habari za vijijini, kisha akahamia Dar kwenye redio. Kofia yangu alikwenda nayo.

Maganga alipostaafu alirudi kwao Choma kufuga ng'ombe, na huko ndiko alikofia, muda si mrefu kabla na mimi sijastaafu. Tulikwenda kuzika kwa basi mpaka Igunga, kisha kwa lori. Watu walikuwa wengi, padri amefika, lakini mjane wake alikuwa hatulii, kila lori likisimama anauliza, "Wazaramo hamna? Ina maana baba huyu atazikwa bila mtani?" Vijana walimshangaa. Sisi wa umri wetu hatukumshangaa.

Alasiri akashuka mama mmoja, mtandio wa kijani, mvi zinachungulia. Nilimjua kwa mwendo. Alinipita mimi bila kunisalimia, akaenda kwa mjane, akampa pole kwa mikono miwili. Kisha akauliza, "Kiti chake kiko wapi?"

Kilikuwa barazani, mto umepauka. Vijana walitaka kumbebea akakataa. Alikibeba mwenyewe mpaka uani, akakiweka kando ya jeneza, akakaa. Akapandisha mguu juu ya mguu.

"Mpagazi!" akaita. Uwanja mzima ukageuka. "Wewe mrefu! Umefika na pembe zako? Pole na safari. Tua mzigo hapo, niletee chai. Sukari nyingi!"

Kicheko kikapita katikati ya vilio, kama inavyotakiwa. Mjane alijifunika khanga usoni, anacheka na kulia. Mwanaidi yeye alikuwa anasubiri. Alisubiri kweli, ameinamisha kichwa upande wa jeneza anatega sikio, mpaka watu wakanyamaza wote.

"Mmeona?" akasema polepole. "Leo hakukasirika."

Kisha akavua viatu, akaomba koleo la kuzikia.